Mtoto wa Bukavu na lugha tatu: ipi ianzie nyumbani, ipi ingoje shule

Swali: "Tunaishi Kadutu, hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Mume wangu ni Mushi wa Kabare, mimi ni Mrega wa Mwenga, na nyumbani tunasema Kiswahili. Mama mkwe tunakaa naye, yeye anasema Mashi, lugha ya Washi. Binti yetu Furaha ana miaka 4, ameanza chekechea. Mwalimu wake ametuambia tuache Kiswahili na Mashi, tumsemeshe Kifaransa peke yake, kwani lugha nyingi zinamchanganya na ndiyo maana hajibu darasani. Mdogo wake ana miezi 8. Je, ni heri kuwapa lugha nyingi tangu utoto, ama kungoja wakue wajifunze moja moja? Na mimi mwenyewe nina miaka 33, kazini wanataka Kiingereza. Nimekwisha kuchelewa?" Mama Furaha.

Jibu:

Mama Furaha, msiache Kiswahili, msiache Mashi, na Kifaransa kiacheni kwanza mikononi mwa shule. Kiingereza chako anza mwezi huu. Sababu nazieleza hapa chini kwa urefu, maana mwalimu atakuuliza, na baba Furaha pia atakuuliza.

Hofu ya kwamba lugha mbili zinamvuruga mtoto ni ya zamani. Mpaka katikati ya karne iliyopita, vipimo vingi vya Ulaya na Marekani vilionyesha watoto wa lugha mbili wako nyuma. Kasoro ilikuwa katika vipimo vyenyewe: watoto wa wahamiaji maskini walipimwa pamoja na watoto wa wenyeji wenye nafasi, tena mara nyingi kwa lugha ya wenyeji. Mwaka 1962, kule Montreal, Elizabeth Peal na Wallace Lambert walichukua watoto wa miaka 10 wenye hali moja ya maisha, wakawapima upya. Wenye lugha mbili hawakuwa nyuma, na katika vipimo vingi walitangulia. Tangu hapo hofu hiyo haijapata tena pa kusimama, ingawa bado inazunguka shuleni.

Kile mwalimu anachokiona kwa Furaha kina maelezo mengine. Mtoto akiingizwa katika lugha asiyoijua, hunyamaza kwanza. Anasikiliza, anaonyesha kwa kidole, anatikisa kichwa, anafuata wenzake wanafanya nini. Ukimya huo unaweza kuchukua wiki chache, kwa wengine miezi kadhaa, halafu maneno yanaanza kutoka. Swali la kumuuliza mwalimu ni hili: je, Furaha anatii maagizo ya Kifaransa hata kama hajibu? Wakiambiwa waketi, anaketi? Wakiambiwa walete daftari, analeta? Kama ndiyo, kazi inaendelea ndani ya kichwa chake, na kumsukuma aseme kutamfanya aogope tu.

Kuhusu kuchanganya, sikiliza vizuri anavyochanganya. Mtoto wa Bukavu akisema "leta ma-cahier yangu", neno ni la Kifaransa lakini kiambishi cha wingi kimekaa mbele ya jina kama Kiswahili kinavyotaka, na "yangu" imefuata nyuma mahali pake. Mtoto aliyevurugika hawezi kufanya hivyo. Ameazima neno na kulivalisha sarufi anayoijua, jambo ambalo watu wazima wa soko la Kadutu hulifanya kutwa nzima.

Ni kweli kwamba ukihesabu maneno yake katika lugha moja, mtoto wa lugha mbili au tatu huwa na machache kuliko mwenzake wa lugha moja. Ukijumlisha maneno ya lugha zote, pengo kwa kawaida linafungwa. Kwa hiyo ukitaka kujua kama mtoto anakua vizuri, hesabu yote: la Mashi, la Kiswahili, la Kifaransa. Dalili za kuchelewa kweli ni hizi, na hazitegemei idadi ya lugha: mtoto wa miezi 12 asiyebwabwaja "ba-ba, da-da", wa miezi 16 asiye na neno hata moja katika lugha yoyote, wa miaka 2 asiyeunganisha maneno mawili kama "mama kuja", na mtoto wa umri wowote aliyekuwa anasema halafu akaanza kupoteza maneno. Ukiona mojawapo, mpeleke apimwe masikio kwanza, hasa kama ana historia ya masikio kutoka usaha. Kumpunguzia lugha hakuponyi sikio.

Sasa nije kwenye swali lako kubwa, utoto ama ukubwa. Watu wengi husema mtoto hujifunza haraka kuliko mtu mzima. Hiyo si sahihi, na inawakatisha tamaa watu wazima bure. Mwaka 1978 Catherine Snow na Marian Hoefnagel-Höhle walifuata familia za Waingereza zilizohamia Uholanzi. Katika miezi ya mwanzo waliojifunza Kiholanzi kwa kasi zaidi walikuwa vijana wa miaka 12 hadi 15 pamoja na watu wazima, na walioburuta mkia ni watoto wa miaka 3 hadi 5. Mkubwa anajua tayari kusoma, anajua sarufi ni nini, anaweza kuuliza. Mtoto anamshinda mbele ya safari, miaka kadhaa baadaye, na anamshinda hasa katika mambo mawili: matamshi, na ile sarufi ndogondogo inayotoka mdomoni bila kufikiriwa.

Matamshi huanza kufungwa mapema sana. Janet Werker na Richard Tees, huko Vancouver mwaka 1984, walionyesha kwamba watoto wachanga wa Kanada wa miezi 6 hadi 8 walitofautisha sauti za Kihindi ambazo watu wazima wanaosema Kiingereza walishindwa kuzitofautisha. Walipokaribia mwaka mmoja, uwezo huo ulikuwa umepungua sana. Mdogo wake Furaha, Mama, ndiyo kwanza yuko katika miezi hiyo. Na Mashi, kama Kirega chako, ni lugha ya toni: sauti ikipanda au ikishuka juu ya silabi, maana inabadilika. Kiswahili kilipoteza toni zamani. Aliyekulia Kiswahili peke yake akaanza Mashi akiwa na miaka 25 atajifunza maneno na ngeli za majina bila shida kubwa, kwa sababu ngeli anazijua, lakini toni zitamsumbua miaka mingi, na wazee wa Kabare watamsikia mara moja kwamba ni mgeni.

Sarufi inatoa muda mrefu zaidi. Mwaka 2018 Joshua Hartshorne, Joshua Tenenbaum na Steven Pinker walichapisha matokeo ya jaribio la intaneti lililofanywa na watu karibu 670,000. Uwezo wa kuikamata sarufi ya Kiingereza ulibaki na nguvu mpaka umri wa miaka 17 hivi. Hata hivyo, kwa kuwa kuifikisha mwisho kunachukua miaka mingi, waliofika kiwango cha wazawa ni wale walioanza kabla ya miaka 10 hadi 12. Furaha anaanza Kifaransa na miaka 4. Ana nafasi ya kutosha na kubaki.

Hapo ndipo hesabu yangu inapoegemea. Kifaransa atakipata shuleni, kanisani, kwenye televisheni, ofisini, miaka 12 na zaidi ya masomo. Kiingereza atakipata sekondari, na baadaye katika simu yake. Mashi haina shule nyingine isipokuwa koko (bibi) wa Furaha. Lugha ambayo nyumba ndiyo darasa lake pekee ndiyo inayopaswa kupewa saa za utoto.

Nasema saa, kwa sababu utoto peke yake haufundishi. Watafiti wengi wa malezi ya lugha mbili hutumia kipimo hiki: lugha isiyopata angalau moja ya tano ya muda ambao mtoto yuko macho, mtoto ataielewa lakini hatapenda kuisema. Furaha anakaa macho kama saa 12 kwa siku, yaani saa 84 kwa wiki. Moja ya tano ni saa 17. Ukigawa kwa siku saba, ni kama saa mbili na nusu kila siku. Chekechea ya asubuhi inampa Kifaransa karibu saa 20 kwa wiki, kwa hiyo Kifaransa kimekwisha kupata sehemu yake bila ninyi kuongeza hata neno. Kiswahili kinajaza mtaa mzima. Mashi ndiyo inayohitaji kupangiwa.

Mpango wenyewe si mgumu kwa sababu koko anaishi nanyi. Ombeni awe anamwogesha mtoto mdogo, anamlisha, anakaa na Furaha anaporudi shuleni mpaka jioni, na muda wote huo aseme Mashi tu. Baba naye aseme Mashi na mama yake, na watoto wake, hata wewe ukiwa umeketi hapo. Hili la mwisho ndilo huvunjika kwanza: baba anahamia Kiswahili kwa heshima ya mke. Mwambie asihame. Nawe utajifunza Mashi kidogo, si hasara. Annick De Houwer alichapisha mwaka 2007 uchunguzi wa familia karibu 1,900 za Flanders, Ubelgiji, ambazo angalau mzazi mmoja alikuwa na lugha nyingine nyumbani, na karibu robo ya watoto hawakuisema lugha hiyo kamwe. Familia ambazo wazazi wote wawili waliisema lugha hiyo nyumbani ndizo zilizofanikiwa zaidi.

Msitegemee video za simu. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake huko Seattle waliwapa watoto wa miezi 9 vipindi 12 vya dakika 25 vya Kichina. Waliocheza na mtu aliye hai mbele yao walishika sauti za Kichina. Waliosikia mtu yuleyule kwa televisheni hawakushika kitu. Kwa mtoto wa miezi 8, koko mwenye kitunguu mkononi ana thamani kuliko vifurushi vya megabaiti.

Sasa tatizo litakalokuja, kama halijaja tayari: koko anauliza kwa Mashi, Furaha anajibu kwa Kiswahili. Wengi hapo hukasirika, ama hucheka matamshi ya mtoto, ama hukata tamaa na kuhamia Kiswahili wenyewe. Yote matatu yanaua lugha, na kicheko ndicho kinachoua haraka kuliko vyote. Waambieni majirani na wajomba wasimcheke. Njia inayofaa ina ngazi. Kwanza koko ajifanye hakusikia vizuri, aulize tena kwa Mashi. Mtoto akirudia kwa Kiswahili, ampe machaguo mawili ndani ya Mashi: unataka maziwa ama unataka chai? Mtoto atarudia mojawapo, na tayari amesema. Asiporudia, koko aliseme jibu lenyewe kwa Mashi, ampe chai yake, maisha yaendelee. Chakula wala maji yasizuiliwe kamwe ili kumlazimisha. Mdogo atahitaji uangalizi zaidi kuliko Furaha, kwa sababu dada yake atamletea Kiswahili kutoka uani siku nzima. Katika familia nyingi mzaliwa wa kwanza anasema lugha ya wazee, wa pili anaielewa tu.

Mkiweza, na hali ya barabara na usalama ikiruhusu, likizo kubwa ya Julai na Agosti apelekwe Kabare kwa watoto wenzake wanaocheza kwa Mashi. Wiki sita za michezo zinafungua mdomo kuliko mwaka wa maswali ya watu wakubwa.

Kirega chako sikisahau. Ukiwa kazini kutwa, huwezi kukipa saa 17, na kukipigania sawa na Mashi kutakuchosha. Kipe mahali pamoja pa kudumu: nyimbo za kulaza mtoto mdogo, kuhesabu, majina ya ndugu, salamu kwa simu na mama yako Mwenga. Matokeo yatakuwa masikio yaliyoizoea toni na maneno mia moja au mia mbili. Huo ni mtaji akitaka kurudi kukisoma akiwa na miaka 20. Lakini mjue kwamba lugha isiyotumika hufutika hata ikiwa ya kwanza: Christophe Pallier na wenzake, mwaka 2003, waliwapima watu wazima waliozaliwa Korea na kulelewa na familia za Ufaransa tangu wakiwa na miaka 3 hadi 8. Hawakuweza hata kuitambua sentensi ya Kikorea kati ya sentensi za lugha nyingine.

Nirudi kwa Kifaransa cha nyumbani, maana hapa ushauri wa mwalimu unaweza kuleta madhara. Chukua jioni mnapochambua sambaza, wale samaki wadogo. Kwa Kiswahili utamwambia Furaha: "Tenganisha kubwa na ndogo. Hii mbona imepasuka tumbo? Ukiikamua nyongo itatoka, mboga itakuwa chungu. Tunaanika hizi ama tunakaanga? Kwa nini?" Hapo mtoto amepata sababu, matokeo, kulinganisha, kutabiri. Ukijilazimisha Kifaransa ambacho wewe mwenyewe unakitafuta, utabaki na amri: njoo, kula, acha, kaa. Mazungumzo yanafupika, na mtoto anapoteza kufikiri kwa sauti, kitu ambacho ndicho Kifaransa cha shule kitakachohitaji baadaye. Jim Cummins, aliyeandika sana juu ya jambo hili tangu miaka ya 1970, alionyesha kwamba watoto hupata lugha ya kucheza na wenzao katika miaka 2 hivi, lakini lugha ya vitabu na mitihani huchukua miaka 5 hadi 7, na wanaoipata vizuri ni wale ambao lugha yao ya kwanza imejengwa imara. Nigeria walijaribu kwa vitendo: mradi wa Ife, ulioanza mwaka 1970 chini ya Babatunde Fafunwa, ulifundisha shule ya msingi kwa Kiyoruba miaka 6 yote, na Kiingereza kama somo lenye mwalimu wake. Watoto hao waliwapita wenzao, hata katika Kiingereza.

Mkitaka kumsaidia Kifaransa, msaidieni kwa kitabu. Dakika 15 jioni, kitabu cha picha kimoja kwa wiki nzima, kirudieni kila siku. Maelezo ya picha kwa Kiswahili, sentensi iliyoandikwa kwa Kifaransa. Marudio ya kitabu kimoja yanashinda vitabu saba. Na afikapo miaka 5 au 6, mfundisheni kusoma Kiswahili kabla Kifaransa hakijamlemea. Kiswahili kinasomwa kinavyoandikwa: ba, be, bi, bo, bu, na mtoto akishika silabi anasoma "kitabu" mwenyewe. Kifaransa kina "au", "eau", "haut" na "eaux", zote zikitamkwa sauti moja. Mtoto anayejaribu kugundua kusoma ni nini na wakati uleule kupambana na tahajia hiyo huanza kukariri ukurasa bila kuusoma. Mtamjua: funika picha, na "anasahau" kusoma. Ujuzi wa kusoma ukishapatikana katika Kiswahili unahamia Kifaransa wenyewe.

Neno moja juu ya akili na uzee, kwa sababu watu hulitumia kama tangazo. Uchunguzi wa Toronto mwaka 2007 na wa Hyderabad mwaka 2013 ulikuta wagonjwa wenye lugha mbili walianza kusahau kwa uzee karibu miaka 4 baadaye kuliko wa lugha moja, na kule Hyderabad tofauti ilionekana hata kwa wasiojua kusoma. Chunguzi nyingine hazikukuta hivyo, na madai kwamba watoto wa lugha mbili wana umakini mkubwa zaidi yamepingwa vikali. Msimlee mtoto kwa lugha tatu kwa ajili ya hilo. Mleeni hivyo ili aweze kukaa na koko wake wakaongea.

Kuhusu Kiingereza chako na miaka 33: lafudhi ya Bukavu itabaki, na haimzuii mtu kazi. Makadirio ya Cambridge, watunga mitihani ya Kiingereza, ni saa 180 hadi 200 za mafunzo kufika kiwango cha A2 (cha mwanzo), saa 350 hadi 400 kufika B1 (cha kati), na 500 hadi 600 kufika B2 (cha kati cha juu), ambacho ndicho ofisi nyingi hudai. Ukitoa dakika 45, siku 5 kwa wiki, unapata karibu saa 190 kwa mwaka. Kwa hiyo mwaka mmoja A2, miaka miwili B1, mwaka wa tatu B2. Anayekuahidi Kiingereza cha kazi kwa miezi mitatu na vipindi viwili kwa wiki anakudanganya.

Gawa dakika 45 hivi. Dakika 15 za kusikiliza sauti fupi yenye maandishi yake, mara ya kwanza bila kuangalia, mara ya pili ukifuata kwa jicho, mara ya tatu ukisema pamoja na msemaji. Dakika 10 za sentensi, kamwe si maneno peke yake: sentensi 5 mpya kila siku katika daftari, Kiswahili kushoto, Kiingereza kulia, funika kulia ujaribu kukumbuka. Kila sentensi irudie siku ya 1, ya 3, ya 7, ya 14 na ya 30. Kukumbuka kwa taabu ndiko kunakojenga. Kusoma orodha tena na tena kunakupa hisia ya kujua tu. Dakika 20 zilizobaki ni kusema na kuandika: eleza kazi uliyofanya leo, jirekodi kwa simu, sikiliza.

Una faida mbili. Kifaransa chako kinakupa maelfu ya maneno ya Kiingereza karibu bure, ingawa mengine yanapotosha: "library" ni mahali pa kuazima vitabu, si duka la vitabu kama "librairie", na "actually" haina maana ya sasa hivi kama "actuellement". Faida ya pili ni kwamba umekulia kati ya Kirega na Kiswahili, kwa hiyo kubadilisha lugha katikati ya siku hakukutishi.

Makosa ya matamshi yatakuwa mengi. Shughulikia mkazo kwanza. Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho karibu siku zote, Kifaransa kinauweka mwisho, na Kiingereza kinauhamisha neno kwa neno. Mtu asiyekuelewa kwa kawaida amepotezwa na mkazo kuliko na ile "th" ambayo walimu huipigania darasa zima. Kila neno jipya liandike ukipigia mstari silabi yenye mkazo. Baada ya hapo irabu fupi na ndefu, kama "ship" na "sheep", ambazo Kiswahili cha kwetu hakikukuzoesha kuzitofautisha: mwenzako asome moja, wewe unyooshe kidole cha kushoto au cha kulia, mara 20 kwa siku mpaka unapata 18. Sikio likishatofautisha, mdomo unafuata katika wiki chache.

Rekodi ya siku ya kwanza usiifute. Baada ya miezi mitatu jirekodi tena ukieleza jambo lilelile, usikilize rekodi zote mbili mfululizo, na uandike makosa matatu yaliyobaki. Hayo matatu ndiyo kazi ya miezi mitatu inayofuata.